Ulimi wa Sindano

Ukungu wa mwezi wa saba hauna haraka ya kuondoka katika mlima wa Mbooni. Watu huamka, huwasha moto, hukamua ng'ombe, na bado hawaoni boma la jirani. Kalunde, mke wa Mutie, aliishi kwenye mlima huo, mwendo mfupi kutoka soko la Kikima. Alikuwa na shamba la mahindi na mbaazi lililokatwa matuta, mbuzi sita, na mtoto mmoja wa kike, Muthoki, wa miaka mitatu. Mumewe alifanya kazi ya reli huko Mtito Andei, mbali, chini kwenye joto. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote Kalunde aliishi na mama mkwe wake, Kasyoka.

Kasyoka ndiye aliyemfundisha Kalunde kusuka viondo, vikapu vya kamba. Alimfundisha kuchuna magome, kuyatafuna, kuyasokota kwenye paja mpaka yawe kamba nyembamba. Kalunde alishika kazi upesi, na baada ya miaka michache akampita mwalimu wake. Kiondo chake kilikazwa hata unga mwembamba haukupenya. Watu walipanda kutoka Tawa kuja kuulizia viondo vya mke wa Mutie.

Halafu ukaja mwaka wa nyoka. Ndivyo walivyouita nyumbani kwao. Kalunde alikuwa akikata nyasi za mbuzi, na kifutu alikuwa amelala humo humo. Alimuuma mkono wa kulia. Majirani walimbeba mpaka hospitali. Alilala huko wiki sita. Uhai uliokolewa, na mkono pia uliokolewa, lakini vidole vitatu vilikunjika kuelekea kiganjani na havikukunjuka tena. Kidole gumba kilipoteza nguvu.

Tangu hapo Kalunde alijifunza kulima kwa mkono wa kushoto. Alijifunza kukoroga uji, kufunga mzigo wa kuni na kumvisha mtoto. Kusuka hakuweza. Jioni wanawake walipokaa uani kusokota kamba, yeye alikaa nao, mkono umefichwa ndani ya leso aliyojifunga. Waliongea, walicheka, na vidole vyao havikupumzika. Kalunde alivitazama vidole hivyo kuliko alivyozitazama nyuso.

Siku moja alichukua kamba akaingia nyuma ya ghala, mahali asipoonekana. Alijaribu kushika nyuzi mbili. Zikaponyoka. Alijaribu tena na tena mpaka jua likazama. Alipotoka alimkuta Kasyoka amesimama na kibuyu cha maji. Mama mkwe alimpa maji tu, naye akanawa uso.

Mwaka uliofuata, wakati wa baridi, Muthoki aliugua kichomi. Kifua chake kilipanda na kushuka haraka kama cha kifaranga. Walimkimbiza hospitali, akachomwa sindano, akapona. Mganga msaidizi aliwaambia, "Mtoto akipumua hivi, msingoje asubuhi. Mleteni mara moja. Na huku kwenu kuna baridi. Mvisheni nguo ya joto." Lakini sweta za dukani Kikima zilikuwa chache, na zote zilikuwa za watu wazima.

Mwezi wa nne mwaka wa 1957, Mutie alikuja nyumbani kwa likizo ya siku nne. Alibeba sanduku refu la mbao begani. Aliliweka chini polepole na kupangusa jasho.

"Ni nini hiyo?" Kalunde aliuliza.

"Mashine ya kufuma sweta," Mutie alisema. "Ilikuwa ya mke wa bwana stesheni. Wanarudi kwao, hakutaka kuibeba. Nilimwona akiitumia barazani. Anasukuma chuma huku, anakirudisha huku. Basi. Nguo inateremka yenyewe."

"Na vidole?"

"Nilitazama sana vidole," Mutie alisema. "Havifanyi kitu. Ndiyo maana nikaichukua."

Kalunde alifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na ubao mrefu wa chuma, na juu yake sindano nyingi zimelala kwa safu, kila moja kwenye mfereji wake. Alijaribu kuzihesabu, akapotea alipopita mia. Zilimeta kama umande kwenye utando wa buibui. Hakuwahi kuona vitu vidogo hivyo vikiwa vingi hivyo, na vyote sawasawa. Aliogopa hata kuvipumulia.

Kulikuwa na kitabu pia. Mutie alimpelekea mchungaji wa kanisa. Mchungaji aligeuza kurasa, akakirudisha. "Hiki si Kiingereza," alisema. "Sijui ni lugha gani." Siku nne zikaisha, na Mutie akarudi kazini kabla mashine haijafuma hata mstari mmoja.

Kalunde na Kasyoka waliamua kujaribu wenyewe. Waliiweka mashine juu ya meza ya fito iliyokuwa ikiyumba. Uzi wa sufu hawakuwa nao, lakini kamba za viondo zilikuwepo. Kalunde aliipitisha kamba juu ya sindano, akakiweka kile chuma cha kusukuma, akasukuma. Kilienda kidogo, kikakwama.

"Sukuma," Kasyoka alisema. "Labda kina kutu."

Kalunde alisukuma kwa nguvu zake zote. Kukasikika sauti kali, kah, kisha nyingine mbili. Meza iliyumba. Walipotazama, sindano tatu zilikuwa zimepinda kama miiba iliyokanyagwa.

Kalunde aliona aibu kana kwamba amemvunja mtu mkono. Alifunika mashine kwa gunia.

"Mwaitu," alimwambia Kasyoka, kwa maana ndivyo alivyomwita, yaani mama yangu, "mwambie Mutie aiuze. Imenikataa."

"Nitamwambia akija," Kasyoka alisema. Lakini sauti yake haikuwa na haraka.

Siku za soko, alikuja Kikima fundi wa kushona kutoka Tawa, Abdulatif. Alileta cherehani yake juu ya punda na kukaa nayo kwenye baraza la duka. Baada ya wiki mbili Kalunde alimpelekea gauni la Muthoki litiwe kiraka. Gauni lilipokwisha, alifungua fundo la leso, akatoa sindano moja iliyopinda.

"Fundi, unaweza kunyoosha hii?"

Abdulatif aliishika kwenye mwanga. "Hii si ya cherehani," alisema. "Tazama, ina ndoano kichwani. Na hapa ina ulimi." Aligusa kijichuma kidogo kilichofunguka na kujifunga. "Umeipata wapi?"

Kalunde alimweleza. Abdulatif aliuliza, "Ulitumia uzi gani?"

"Kamba ya kiondo."

Fundi hakucheka. Aliirudisha sindano mkononi mwa Kalunde. "Sindano ya namna hii ikipinda hainyooki tena. Ukiinyoosha itakuharibia nguo. Lakini mke wangu, Tumu, anayo mashine kama hiyo. Alijifunza kwa shangazi yake Mombasa. Njoo Tawa na mashine yako. Kamba za viondo ziache nyumbani."

Kalunde alirudi akamweleza Kasyoka. Mama mkwe alifikiri kidogo, akasema, "Nenda. Muthoki atabaki na mimi."

Alfajiri ya siku ya tatu Kalunde aliteremka mlima. Sanduku lilikuwa mgongoni, na mkanda wa ngozi ulipita kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa huko wabebavyo mizigo. Njia ni ndefu, na sanduku lilikuwa zito kuliko kuni. Alipumzika mara nyingi. Kila alipopumzika alijiuliza atasema nini mbele ya mwanamke asiyemjua, mwenye vidole kumi vizima.

Tumu alikuwa mama mnene, mpole, mzaliwa wa mji wa Kitui. Wazazi wake walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilikuwa laini. Alimpokea Kalunde mlangoni, akamsaidia kutua mzigo, akamletea chai ya tangawizi. Hakumuuliza habari za mashine mpaka alipomaliza kunywa.

"Mama Muthoki," alisema baadaye, "tuanze."

Kalunde aliutoa mkono wake ndani ya leso na kuuweka mezani. Aliona ni afadhali useme wenyewe. "Mama, tazama kwanza. Hii vidole yangu haifanyi kazi. Kama haiwezekani, uniambie sasa."

Tumu aliushika ule mkono. Aliugeuza, akatazama kiganja. "Kiganja kina nguvu?"

"Kiko na nguvu."

"Basi tunao mkono wa kutosha. Njoo."

Meza ya Tumu ilikuwa nzito, ya mbao za mvule, haikutikisika. Aliifunga mashine ya Kalunde ukingoni kwa vibanio viwili, akavikaza. "Jambo la kwanza ni meza," alisema. "Meza ikiyumba, mashine inayumba. Mashine ikiyumba, sindano zinagongana."

Kisha alizichomoa zile sindano mbili zilizopinda zilizobaki katikati. Alikwenda mwisho kabisa wa safu, pembeni, akatoa sindano tatu nzima, akazipachika katikati pale palipokuwa wazi.

"Huku pembeni hutazihitaji kwa nguo ya mtoto," alisema. "Unaona? Mashine imekuja na akiba yake."

Kalunde aliona moyo wake ukipungua uzito. Kwa majuma mawili alikuwa ameamini ameua kitu.

"Sasa usisukume chochote," Tumu alisema. "Leo tutaanza na sindano moja tu."

Alifunga kitanzi cha uzi mwekundu wa sufu kwenye ndoano ya sindano moja. Akamwambia Kalunde ainamishe uso mpaka karibu. "Ivute sindano mbele, polepole, kwa kidole cha mkono wa kushoto. Unaona nini?"

"Kitanzi kinarudi nyuma," Kalunde alisema. "Kinafungua ulimi. Kimepita nyuma ya ulimi."

"Vizuri. Mimi nalaza uzi mpya ndani ya ndoano. Sasa irudishe sindano nyuma. Polepole."

Kalunde aliirudisha. Kitanzi cha zamani kilitembea mbele, kikagusa ulimi, kikauinua. Ulimi ukafunga mdomo wa ndoano na kuushika uzi mpya ndani. Kitanzi cha zamani kikaruka juu yake, kikateremka. Pale kwenye ndoano kulikuwa na kitanzi kipya, kimekaa sawasawa, na cha zamani kimening'inia chini yake, kimefungwa.

Kalunde aliacha kupumua. "Rudia," alisema kwa sauti ndogo.

Walirudia. Sindano ilienda mbele, ikapewa uzi, ikarudi. Kitanzi kimoja kikazaa kingine. Alifanya mara kumi, mara ishirini. Kamba ndogo nyekundu iliteremka kutoka kwenye chuma, imefumwa, safi. Kalunde aliigusa kwa ule mkono mbaya.

"Aliyeifikiria hii alikuwa mtu?" Kalunde aliuliza.

"Alikuwa mtu," Tumu alisema. "Na pengine alikaa akitazama vidole vya mkewe jioni nyingi. Maana kila sindano hapo ni kidole. Una vidole zaidi ya mia sasa, Mama Muthoki. Kazi yako ni kuviongoza."

Baada ya Tumu kusali na chakula kuliwa, waliendelea. Tumu alimwonyesha uzi. Uzi wa mashine uwe laini, mwembamba, usio na mafundo. Aliuzungusha upya mpaka ukawa donge legelege linalotoa uzi bila kuvuta. Alichukua mshumaa na kuupitisha uzi juu yake ili uteleze.

"Ndipo nilipokosea," Kalunde alisema. "Kamba ya kiondo ina mafundo."

"Kamba ya kiondo haina kosa. Ilipelekwa tu mahali pasipo pake."

Tumu alizungusha uzi kwenye sindano ishirini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga nyasi kwenye fito za paa. Alifuma mstari wa kwanza kwa kidole, sindano baada ya sindano. Kisha alitafuta katika sanduku la Kalunde. "Kitana cha kuvutia nguo chini hakimo. Kimepotea. Haidhuru."

Alileta waya wa gurudumu la baiskeli na mifuko miwili midogo ya kitambaa iliyojaa mchanga. Waya aliupenyeza kwenye vitanzi, na mifuko akaining'iniza, mmoja huku na mmoja kule. "Nguo lazima ivutwe chini kidogo. Isipovutwa, vitanzi vinapanda na kung'ang'ania ndoano. Ikivutwa sana, uzi unakatika. Mchanga wa ngumi moja unatosha."

Halafu alikiweka kile chuma cha kusukuma. "Hili ninaliita gari," alisema. "Gari linafanya kazi ya kidole chako kwa sindano zote. Lipitishe kwa kiganja. Lipite mpaka mwisho, livuke sindano ya mwisho, ndipo ulirudishe. Ukirudi katikati ya njia, utazivunja."

"Na likikwama?"

"Unasimama. Hapo hapo. Usilishurutishe hata siku moja. Likikaza, linakuambia neno. Tazama: uzi umenasa? Ulimi mmoja umefunga? Mchanga umegusa chini? Ondoa kinachozuia, ndipo uendelee."

Kalunde aliweka kiganja juu ya mpini. Vidole vyake vitatu vilivyokunjika vilikaa nyuma ya mpini kana kwamba vilikunjwa kwa ajili hiyo. Alisukuma. Gari likaenda, na chini yake sindano zikainuka na kulala, moja moja, kama majani ya mtama upepo ukipita. Krrrr, hadi mwisho. Alilirudisha. Krrrr.

Mistari miwili mizima ilikuwa imefumwa. Kila mstari vitanzi ishirini, kwa pumzi moja. Kalunde alitazama chini, akatazama juu, akatazama tena chini. Kazi hiyo mwanamke wa vidole vizima angeifanya kwa muda wa kusimulia habari ndefu. Machozi yalimjaa, na hakuyafuta, kwa sababu hakutaka kuondoa kiganja pale.

Alisukuma mistari thelathini. Kisha uzi ukaleta fundo. Alikumbuka kuhusu mafundo, akasimama, akauchomoa uzi, akakata fundo, akaunga vizuri kwa pembeni. Alifurahi kwamba amekumbuka. Kwa furaha hiyo akasahau kuurudisha uzi mahali pake kwenye gari. Alisukuma gari.

Lilienda laini mno. Na lilipofika mwisho, vitanzi vyote vilikuwa vimeachia. Waya, mifuko ya mchanga na kitambaa chote vikaanguka miguuni pake.

Kalunde aliganda. Alimtazama Tumu kwa hofu.

Tumu alikuwa akitabasamu. "Sasa umeanza kazi," alisema. "Hakuna mfumaji ambaye hajaiangusha. Mimi niliangusha mgongo mzima wa sweta ya mjomba wangu. Gari lisilo na uzi linazalisha nini? Halizalishi kitu. Linaachia kilichokuwepo. Kwa hiyo kabla ya kusukuma, macho kwenye uzi. Kila mara."

"Na hii?" Kalunde aliokota kitambaa.

"Tunaivalisha sindano upya, kitanzi kwa kitanzi. Leo utafanya wewe."

Ilimchukua saa nzima, kwa mkono wa kushoto na kijiti chenye ndoano. Lakini alifanya.

Alikaa kwa Tumu siku tatu. Siku ya pili alijifunza kuokota kitanzi kimoja kilichotoroka, kabla hakijafungua njia mpaka chini. Alijifunza kupunguza vitanzi kwenye kwapa na shingo. Siku ya tatu alijifunza kupima.

"Usianze sweta kwa kukisia," Tumu alisema. "Fuma kipande kidogo kwanza. Kitoe, kilaze, kipumzike usiku mmoja, maana kikitoka kwenye mashine kimenyooshwa. Asubuhi kipime. Tazama hiki cha jana: kwenye upana wa vidole vinne kuna vitanzi vingapi?"

Kalunde alihesabu. "Ishirini na moja."

"Na kifua cha Muthoki ni upana wa vidole vingapi, upande wa mbele?"

Kalunde alifumba macho. Alikuwa amemwogesha mtoto huyo kila siku ya maisha yake. "Kumi na sita."

"Basi ni mara nne."

"Themanini na nne," Kalunde alisema kabla Tumu hajamaliza. Kuhesabu hakukumshinda. Miaka yote ya viondo ilikuwa ni kuhesabu.

"Ongeza sita," Tumu alisema. "Mtoto anakua, na anapumua."

Alipoondoka, Tumu alimpa madonge matatu ya uzi na mifuko miwili ya mchanga. Abdulatif alimfungia sanduku juu ya punda wake, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya soko Kikima.

Nyumbani, jambo la kwanza alilofanya Kalunde ni kumwita Mulei, jirani yao aliyekuwa seremala, akaja kukaza meza kwa misumari na miguu mipya. Kisha alifuma kipande cha kupimia. Kasyoka alikuja akakaa kwenye kigoda karibu sana, kidevu mikononi.

Kalunde hakuanza na gari. Alianza na sindano moja, kama alivyofundishwa. "Mwaitu, tazama ulimi," alisema.

Kasyoka alitazama sindano ikienda na kurudi. Alikuwa amesuka kwa miaka hamsini. Hakuhitaji kuelezwa kitanzi ni nini. Alishika kidole chake cha shahada kwa mkono mwingine, akakikunja na kukikunjua, akilinganisha. Kisha Kalunde akapitisha gari, na sindano zote zikafanya kwa pamoja.

Bibi kizee alisimama. Alivua kitambaa cha kichwani, akakishika kifuani. "Ngai, Mungu wangu," alisema polepole. Akakaa tena, na hakuondoka mpaka mbuzi walipoanza kulia njaa.

Mgongo wa sweta ulichukua siku mbili. Ulianguka mara moja, akauvalisha upya. Mbele ilichukua siku moja. Mikono miwili ilichukua asubuhi. Kasyoka alishona vipande pamoja kwa sindano ya mkono, maana kazi hiyo ilitaka vidole vizima. Ukungu wa mwezi wa saba uliposhuka, Muthoki alikuwa ndani ya sweta nyekundu iliyofika chini ya kiuno na nafasi ya kukua. Alipata mafua mwaka huo, kama watoto wote. Kalunde alimtazama pumzi kila asubuhi na kila jioni, kama mganga msaidizi alivyoagiza, tayari kumbeba. Haikuhitajika. Baridi ikapita.

Wanawake waliiona sweta kanisani. Ndinda, mke wa Mulei, alikuwa wa kwanza kuja. Alitaka kununua. Kalunde alimfumia, lakini alimwambia, "Ya pili utafuma mwenyewe. Mashine ipo." Ndinda akaja, akaangusha, akaogopa, akavalisha upya. Baada yake akaja Mutindi, kijana aliyeolewa karibuni. Walikubaliana: kila mmoja alete uzi wake, na vipande viwili vya kwanza viwe vya kujifunzia, vifumuliwe. Likizo ya Mutie ya mwezi wa kumi na mbili ilifutwa kwa ajili ya kazi ya njia ya reli, na ya mwezi wa nne ikaahirishwa, akatuma salamu tu. Kwa hiyo mwaka mzima na zaidi ulipita bila yeye kuiona nyumba yake.

Alikuja mwezi wa saba wa 1958. Lori lilimshusha Kikima asubuhi yenye manyunyu. Alipokuwa akipanda kilima alikutana na watoto wa shule. Mmoja alivaa sweta ya buluu, mwingine ya kijivu yenye mstari mweupe, na wawili nyekundu. Alidhani duka jipya limefunguliwa.

Karibu na boma alisikia sauti. Krrrr. Kimya kidogo. Krrrr. Aliijua. Ni ile aliyoisikia barazani kwa bwana stesheni, alipotembea na koleo begani na kusimama bila kukusudia.

Alisukuma mlango. Ndani kulikuwa na moto, na wanawake watatu. Ndinda alikuwa akizungusha uzi. Mutindi ameinama, macho yake kwenye safu ya sindano. Kalunde alisimama mbele ya mashine, mkono wa kulia nje ya leso, kiganja juu ya mpini. Kasyoka alikaa kwenye kigoda chake, Muthoki mapajani. "Baba!" Muthoki aliita.

"Baba Muthoki, karibu," Kalunde alisema. Hakugeuka, maana macho yake yalikuwa kwenye uzi. "Nisamehe kidogo. Nimebakiza mistari saba kwenye mkono huu, na nikiacha hapa nitapoteza hesabu."

"Malizia," Mutie alisema.

Alitafuta mahali pa kukaa, akapata gunia la mahindi kando ya mlango. Akavua kofia yake ya kazi na kuiweka magotini. Alikaa kama mtu aliyefika kanisani na kukuta maombi yameanza. Gari lilikwenda, sindano zikainuka na kulala. Gari likarudi. Kalunde alihesabu kwa sauti ya chini, na mkono wa sweta ukateremka mstari kwa mstari mbele ya macho ya wote.